Bashiri wa Picha na Mvivu wa Likunja

Watu wa Nachingwea walimtambua Bashiri Chinguile hata akiwa amewapa mgongo. Akitembea, kichwa chake kiligeuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesoma maandishi marefu ukutani. Mkewe, Sikuzani, hakuacha kumwonya.

"Baba Sabaha, utajikwaa. Macho weka njiani."

"Njia naijua," hujibu Bashiri. "Naangalia jua limekaa wapi."

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Likunja, upande wa Ruangwa, akakua analima mtama na mbaazi kama wenzake wote. Mwaka wa arobaini na saba, skimu ya wazungu ya karanga ilipokuja Nachingwea na matrekta yake, naye alikwenda kuomba kazi pamoja na vijana wengine. Akapewa kazi ya kupaka mashine grisi. Miaka mitatu haikupita, alikuwa anaweza kuifungua injini na kuifunga tena bila nati hata moja kubaki chini. Kwa ajili ya mikono hiyo, idara moja ya serikali ikamchukua kwenye gari lake la sinema, aangalie jenereta na ile mashine ya kuonyeshea picha. Walipogundua kwamba ana mdomo pia, wakampa na pembe ya bati ya kupazia sauti, awaeleze watu kwa Kimwera na Kiswahili wanachokiona.

Na walikuwa wanaona nini kwenye lile shuka jeupe lililotundikwa? Wanaona ng'ombe wa nchi za baridi, wenye manyoya kama blanketi. Wanaona meli, na mabwana waliovaa kofia ndefu wakipanda farasi. Bashiri alieleza yote. Asichokijua alikitungia. Watu walicheka, wakarudi nyumbani.

Siku moja gari lilifika Likunja, na mama yake Bashiri, Bibi Biasha, akakaa mstari wa mbele. Picha zilipokwisha alimwita mwanawe.

"Hawa wa kwenye shuka lako nimewaona. Wazuri. Sasa sisi tunaonyeshwa wapi?"

"Sisi hatuonyeshwi, mama."

"Kwa nini? Hatuonekani?"

Bashiri alirudi Nachingwea na swali hilo kichwani kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, asiyeweza hata kugeuza shingo. Na skimu ilipoanza kufa, wazungu wakawa wanauza vitu vyao kabla ya kwenda kwao. Wengine walinunua viti, wengine sufuria. Bashiri alinunua kamera ndogo ya chuma, ya kutia ufunguo kama saa ya ukutani. Sikuzani alikuwa anataka kitanda. Kwa mwezi mzima waliendelea kulala kwenye kile cha zamani, ambacho kilikuwa kinalia, na kila kilipolia Sikuzani alisema, "Hiyo kamera yako inaongea."

Kamera ile haikuwa rahisi. Mkanda wake ulikuwa mfupi, dakika tatu tu, na ulipokwisha ulipelekwa mbali kwa posta kuoshwa, ukarudi baada ya miezi. Hukujua ulichopiga mpaka umesahau ulichopiga. Wala haikuwa na sauti. Lakini Bashiri hilo hakulijali, kwa sababu sauti alikuwa nayo yeye mwenyewe, na pembe yake ya bati.

Picha yake ya kwanza aliita "Mvivu". Kisa chake ni kifupi: mtu analala chini ya mkorosho, nguruwe wanaingia shambani, wanamaliza mahindi, mtu anaamka anakuta mabua, analia. Basi. Kila mtu wa Ruangwa anaijua habari ya nguruwe wa porini. Shida ilikuwa kumpata mvivu. Kila aliyeombwa alikataa. "Nionekane nalala mchana? Watoto wangu watasemaje?" Hapo ndipo Bashiri alipomkumbuka Isihaka.

Isihaka alikuwa mtoto wa mjomba wake, kwa hiyo ni mtani wake. Watani hao walikuwa wameanza kutukanana tangu hawajajua kufunga shuka. Isihaka akimwona Bashiri anakuja na gari la sinema husema, "Mwizi wa mafuta ya serikali huyo." Bashiri naye hujibu, "Na wewe ficha meno, jua lisiyaunguze." Na ukweli ni kwamba pale Likunja hapakuwa na kijana mwenye jembe kama la Isihaka. Alikuwa anaingia shambani nyota zikiwepo, na watu wakipita asubuhi wanakuta ngwe mbili zimekwisha.

"Mimi nilale?" aliuliza Isihaka.

"Dakika tatu."

"Sijawahi kulala mchana. Unalalaje?"

"Fungua mdomo, acha mkono mmoja uanguke."

Isihaka alilala. Alilala vizuri mno. Inzi alitua kwenye mdomo wake na hakutikisika. Pale nguruwe walipotakiwa kuingia, Bashiri aliwaachia mbuzi wawili weusi wa mama yake, akawapiga picha kwa nyuma katikati ya majani marefu, na kwa kweli huwezi kujua. Isihaka alipoamka akayaona mabua, akashika kichwa kwa mikono miwili, machozi yalitoka ya kweli. Bashiri akamuuliza ameyatoa wapi. Akasema, "Nimefikiria kama yangekuwa yangu."

Mkanda ulirudi baada ya miezi minne. Bashiri alimwonyesha Mwalimu Dominiko, mwalimu wa shule ya misheni, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mwalimu aliitazama mara tatu, akasema, "Bashiri, si wewe peke yako." Akatoa barua. Alikuwa ameandikiana na mhudumu wa hospitali mmoja kule Masasi, Eusebio, ambaye naye alikuwa na kamera na amepiga picha ya kina mama wakiwaogesha watoto. Na kulikuwa na Hasani wa Tanga, karani wa reli, aliyepiga picha za watu wanaoshuka kwenye treni, nyuso tu, mmoja baada ya mwingine.

"Tuwaombe mikanda," alisema Mwalimu. "Tuonyeshe Jumamosi tatu. Likunja, Malolo, Nandagala. Na tuweke sharti moja: aliyeshika kamera awe mtu mweusi, na jina lake litajwe kabla mashine haijawashwa."

"Kwa nini litajwe?"

"Ili apigiwe vigelegele. Harusi hupigiwa, jando hupigiwa, na huyu kwa nini asipigiwe?"

Idara ilikubali kuwaazima gari kwa Jumamosi hizo tatu. Maonyesho yalipangwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri, kwa sababu ya chui waliokuwa wanasumbua njiani jioni, na ili kina mama warudi mapema kupika. Kila kijiji, ndani ya ghala la ufuta lililo tupu, walitundika magunia madirishani, wakaziba nyufa kwa matope, na giza likapatikana.

Likunja ilikuwa ya kwanza. Mwalimu Dominiko alisimama akatangaza, "Picha hii imepigwa na Eusebio wa Masasi!" Mtu mmoja akauliza, "Yuko wapi tumwone?"

"Hayumo kwenye picha. Yuko nyuma yake. Mtakachokiona ni kile alichokiona yeye."

Wakafikiri. Bibi Biasha ndiye aliyesema, "Kumbe anatuazima macho yake!" Akapiga kigelegele, na ghala zima likampokea. Hata leo ukifikiria inashangaza: mhudumu wa hospitali wa Masasi anashangiliwa Likunja na watu wasiomjua, kwa sababu tu aliwatazama watoto wakiogeshwa na akaona inafaa kukumbukwa.

Kisha ikaja "Mvivu". Bashiri alichukua pembe yake. Alipomwona Isihaka amelala pale kwenye shuka, mkubwa kama nyumba, utani ulimpanda. Hakujizuia.

"Huyu mnayemwona ni Isihaka wa Likunja!" alipaza sauti. "Mvivu wa kwanza nchi hii! Akilisikia jina la jembe anaumwa homa! Hata ugali huusubiri ujitafune wenyewe!"

Likunja walicheka mpaka vumbi likatoka darini. Walimjua Isihaka. Kadiri Bashiri alivyomsema, ndivyo walivyozidi kucheka, maana hakuna neno lililokuwa mbali zaidi na ukweli. Isihaka mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, jasho la shamba bado mgongoni, anacheka kuliko wote.

Jumamosi iliyofuata walikuwa Malolo. Na hapa ndipo Bashiri alipokosea. Yale maneno yalikuwa matamu mdomoni, kwa hiyo akayarudia vilevile: jina, kijiji, homa ya jembe, ugali. Malolo nao walicheka. Ila hawakumjua Isihaka. Hakuna aliyewaambia kwamba huo ni utani. Walicheka kama mtu anavyomcheka mvivu wa kweli, na walipokuwa wanatoka Bashiri alimsikia mama mmoja akisema, "Maskini mama aliyemzaa."

Bashiri akaendelea kufunga nyaya zake.

Jumatatu Isihaka alifika Nachingwea kwa miguu. Hakumtukana Bashiri. Hilo peke yake lilimtisha Bashiri kuliko chochote. Isihaka alikaa kizingitini, akapokea maji kwa Sikuzani, akayashika bila kunywa.

"Wamerudisha posa," alisema.

Isihaka alikuwa amemposa Mwanaima wa Nandagala. Kwa Wamwera binti ni wa mjomba wake, na mjomba wa Mwanaima alikuwa Mzee Abdalah, mtu wa maneno machache. Posa ilikuwa imepokelewa, na imebaki siku ya harusi kupangwa tu. Sasa Mzee Abdalah alikuwa amekwenda Malolo kumjulia hali dada yake, akaambiwa kuna sinema, akaingia. Akamwona mkwe wake mtarajiwa amelala chini ya mkorosho, inzi mdomoni, na nguruwe wanakula.

"Amesema hampi mvivu mtoto wake," Isihaka alisema. "Na Mwanaima naye, wasichana wenzake kisimani wanamwita mke wa mlala mkorosho."

Sikuzani alimgeukia mumewe.

"Picha yako hiyo," alisema, kisha akaingia ndani.

Bashiri alikwenda kwenye sanduku, akatoa mkanda na mkasi. "Naikata. Sehemu yako yote. Nandagala nitaonyesha mbuzi tu."

Isihaka akamshika mkono. "Usinikate."

"Isihaka, ni ndoa yako hii!"

"Najua ni ndoa yangu. Kata mbuzi wa shangazi ukitaka, mimi niache." Alitazama chini. "Bashiri, mimi tangu nizaliwe nalima. Hakuna aliyewahi kunitazama. Nimelala dakika tatu, watu mia mbili wamenitazama mpaka wakalia na kucheka. Mke namtaka. Na ile nayo naitaka."

Basi Bashiri akaweka mkasi. Kesho yake asubuhi alipanda lori la Ruangwa, kisha akatembea mpaka Nandagala, na safari ile kichwa chake hakikugeuka kushoto wala kulia.

Mzee Abdalah alikuwa anasuka kitanda cha kamba uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye sinema."

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kwa habari ya Isihaka. Yule si mvivu. Ni mchezo tu, nilimwambia alale."

"Macho yangu haya mawili yamemwona. Masikio yangu yamesikia jina lake na kijiji chake. Ulitaka nisubiri nini tena, harufu?"

"Yale maneno ni utani, mzee. Ni mtoto wa mjomba wangu."

"Utani una watu wake. Malolo ni watani wako?"

Bashiri akajaribu njia nyingine. "Mzee, kwenye picha kila kitu ni cha kutengeneza. Hata wale nguruwe si nguruwe. Ni mbuzi wa mama yangu."

Mzee Abdalah aliacha kusuka. "Mbuzi?"

"Mbuzi weusi wawili. Niliwapiga kwa nyuma."

"Kumbe umenidanganya mara mbili."

Kutoka ndani ya nyumba mtu alicheka, kisha akaziba mdomo haraka. Bashiri alijua ni Mwanaima.

"Nipe nafasi," alisema Bashiri. "Nitampiga picha nyingine, analima. Nitaionyesha hapahapa, kila mtu aione kazi yake."

"Mbuzi wako wamekuwa nguruwe," alisema Mzee Abdalah. "Nitajuaje jembe lake si mwiko wa ugali?"

Hapo Bashiri alishikwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha mzee kwamba picha inadanganya, na sasa hakuwa na picha yoyote duniani ya kumsafisha mtani wake. Kazi yote aliyoijua, kioo, mkanda, jenereta, pembe, haikuwa na msaada hata kidogo. Alijiona mtupu kama siku ile aliyoomba kazi ya grisi.

Mzee Abdalah alivuta kamba, akaikaza kwa goti. "Uvivu umempa wewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu. Uchukue urudi nao. Kesho Jumatano njooni wote wawili. Nina shamba halijakatuliwa."

"Mimi nifanye nini, mzee?"

"Ulime. Ulifikiri nakuita uje utazame?"

Jumatano ile Nandagala haikufanya kazi nyingine. Mvua ilikuwa bado, udongo ulikuwa mgumu kama sufuria, na watu walikuja kukaa pembeni ya shamba na mabibo yao ya kutafuna. Mzee Abdalah alipima ngwe mbili zinazolingana, akawaonyesha, akaenda kukaa.

Isihaka alitema mate viganjani, akainama. Hakuinuka tena. Jembe lake lilikuwa linapanda na kushuka bila haraka, kama pumzi, na mabonge yalikuwa yanageuka upande mmoja, yote sawasawa. Bashiri alianza kwa nguvu sana. Hatua kumi za kwanza alikuwa mbele, akasikia mtoto akisema, "Yule wa sinema anamshinda!" Hatua ya ishirini walikuwa sawa. Kufika ya thelathini, viganja vyake, vilivyokuwa vimezoea nati na mikanda kwa miaka sita, vilikuwa vimeota malengelenge, na mgongo wa Isihaka ulikuwa mbali kule mbele.

Mwanaima alileta maji. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nzito kidogo. Mbele ya mjomba wake hakuweza kumsemesha mchumba, wala hata kumtazama. Kwa hiyo alisimama karibu na Bashiri na kusema kwa nguvu, ili mwingine asikie.

"Shemeji, pole. Hiyo ni ngwe au ni kitanda unatandika?"

"Nipe maji, shemeji, nisife."

"Mpe na mwenzako. Mwambie asikimbie, mtu mwingine atafikiri anataka kitu hapa."

Jembe la Isihaka lilikosa mdundo mara moja, kisha likaendelea.

Jua lilipofika utosini Isihaka alikuwa amemaliza ngwe yake na, bila kuambiwa, ameanza kumlimia Bashiri kutokea upande wa pili. Bashiri alikwenda kwenye mkorosho uliokuwa mpakani, akakaa kivulini, kwa dakika moja tu, apate pumzi. Aliegemea shina. Upepo mdogo ulipita.

Kilichomwamsha ni kicheko. Alipofungua macho aliona miguu, miguu mingi, na juu yake nyuso za watoto, kina mama, wazee. Mdomo wake ulikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa umeanguka kwenye majani. Mzee Abdalah alikuwa amesimama juu yake, fimbo nyuma ya mgongo.

"Hii nayo ni picha?" aliuliza.

Bashiri alitafuta neno, yeye aliyekuwa na maneno ya ng'ombe wa nchi za baridi na ya mabwana wa kofia ndefu. Hakulipata. "Hapana, mzee," alisema. "Hii ni mimi."

Watu walianguka kwa kicheko. Mama mmoja alilazimika kumpa mwenzake mtoto amshikie. Kule shambani Isihaka aliinua kichwa, akaona, akatupa jembe, akapiga mayowe, "Mwamsheni! Nguruwe hao! Jamani mwamsheni mwizi wa mafuta ya serikali!" Ilikuwa mara ya kwanza kumtukana tangu Malolo, na Bashiri, akiwa bado amekaa chini na jani limemganda shavuni, alihisi raha iliyomfika mpaka kwenye malengelenge.

Mzee Abdalah hakucheka. Alitembea mpaka kwenye ngwe, akaipita yote kwa hatua ndefu, akainama akachukua bonge, akalivunja kwa vidole. Kisha akarudi.

"Jumamosi leta sinema yako," alisema, na akaenda zake.

Alikuwa amekubali au hakukubali? Bashiri hakujua, Isihaka hakujua. Siku mbili zile walizimaliza kwa kukisia. "Angekuwa amekataa asingekuruhusu umlimie na ngwe ya pili," alisema Bashiri. "Shamba la bure nani anakataa?" Isihaka alijibu.

Jumamosi ghala la Nandagala lilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia. Bashiri aliwasha jenereta nje, akaingia, mikono imefungwa vitambaa. Mwalimu Dominiko alitaja jina la Eusebio, vikapigwa vigelegele. Akataja la Hasani wa Tanga, vikapigwa, na zile nyuso za kwenye treni zikapita moja moja, na watu wakawa wanazisalimu. Bibi Biasha, aliyekuja kutoka Likunja kwa ajili hiyo, aliitikia kila uso kama umemwamkia yeye.

"Na picha ya tatu," alisema Mwalimu, "imepigwa na Bashiri Chinguile, mzaliwa wa Likunja..."

"Ngoja," sauti ilisema.

Mzee Abdalah alikuwa amesimama. Alikwenda mpaka kwa Bashiri, akanyoosha mkono, na Bashiri akampa pembe ya bati. Mzee aliigeuza, akaitazama ndani, kisha akaiweka mdomoni kwa upande usiofaa. Mwalimu akamgeuzia taratibu. Nje jenereta ilikohoa. Bashiri alimtafuta Isihaka kwa macho, akamwona mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili.

"Mnasikia?" Mzee Abdalah alianza, na sauti yake ilipotoka kubwa aliruka kidogo. "Aliyepiga picha hii mmemwona Jumatano. Kulima hajui. Lakini kutazama anajua, nami nampigia makofi kwa hilo. Sasa mtamwona mtu amelala. Msimseme vibaya. Analala kwa kazi. Yule ni mkwe wangu."

Akarudisha pembe, akarudi kukaa.

Upande wa wanawake kigelegele kilianza kwa sauti nzito kidogo, na kabla hakijakatika wengine wote walikuwa wamekidaka. Pale mlangoni Isihaka alikuwa amegeukia nje, mgongo wake unatikisika, na watu waliokuwa karibu naye walikuwa wanampiga mabegani kana kwamba amekabwa na mfupa.

Bashiri alizungusha swichi. Mwanga ukapita juu ya vichwa, ukagonga shuka, na Isihaka akaonekana chini ya mkorosho wake, mkubwa kama nyumba, mdomo wazi. Inzi akaja, akatua. Nandagala ikashusha pumzi. Kule kwenye majani marefu kitu cheusi kikatikisika, kingine nyuma yake, vikaanza kuingia kwenye mahindi.

Bashiri aliinua pembe aseme. Hakuwahi.

"Amka we!" Mzee Abdalah alikuwa amesimama tena, fimbo juu. "Nguruwe! Wanamaliza! Amka, mwanangu!"

"Niko hapa, mkwe!" ilijibu sauti kutoka mlangoni, imejaa machozi na kicheko. "Niko macho!"

"Basi wafukuze!" Mzee alisema, bila kugeuka, macho bado kwenye shuka. Na sasa ghala zima lilikuwa limesimama, kila mtu anamwita mlalaji kwa jina, wengine kwa Kimwera, wengine kwa Kiswahili, wengine wanawatupia mbuzi wa Bibi Biasha maganda ya korosho. Bashiri aliiweka pembe chini, karibu na mguu wa mashine. Alikaa akatazama. Hapakuwa na cha kueleza. Picha walikuwa wanaisema wenyewe.